Nani kawaruhusu mtupake dizeli na oili chafu kwenye matairi?? Mtatuua

Wakuu habari zenu, naandika nikiwa na hasira kwelikweli naomba mnivumilie.

Jumamosi nimepeleka gari kuoshwa kijiwe kimoja huku Sinza, jina silitaji. Gari ni IST, matairi mapya hayajamaliza hata miezi mitatu, 185/65 R15, nimeyanunua manne kwa mpigo laki saba na themanini, hela niliyoijumlisha kidogo kidogo tangu mwaka jana. Nikamwambia dogo osha nje na ndani basi. Sikutaja tairi. Nikakaa kwenye benchi naongea na simu, kugeuka namkuta kachuchumaa na kidumu cha lita tano kimekatwa juu, ndani mna kitu cheusi na sponji, anasugua tairi kama anapaka kiwi kiatu. Namuuliza hiyo nini, "dawa ya tairi bosi, hiyo tunakupa bure". Nikainama nikanusa. Dizeli! Dizeli wamechanganya na oili chafu, ile ile inayomwagwa gereji gari ikibadilishwa oili ya injini. Na hilo lilikuwa la mwisho, matatu alishamaliza, tena lile la mbele kushoto alichukua chupa ya kupulizia akapuliza mpaka ndani ya rimu eti ing'ae vizuri.

Nimegomba, wakanisuuzia na maji. Jamani dizeli inatoka na maji??

Natoka pale naingia Shekilango, mwanangu wa miaka minne kakaa siti ya nyuma, nafika kwenye mataa nakanyaga breki, gari inavuta kulia na haisimami ninapotaka mimi, nimekuja kusimama nyuma ya daladala imeshona watu hata mkono usingepita katikati. Nilitetemeka mpaka wa nyuma yangu wakaanza kunipigia honi. Nikaenda polepole hadi gereji, fundi kafungua tairi la kushoto, diski ya breki inateleza mafuta na pedi zake zimeshayanywa. Akaniambia pedi ikishakunywa mafuta haifai kusuguliwa msasa na kurudishwa, unaweka mpya, na unaweka pande zote mbili breki zishike sawa. Elfu sitini na tano pamoja na ufundi. Kwa "dawa ya bure".

Nimerudi kwa mwenye kijiwe ananijibu "kaka wateja wote tunawapaka na hakuna aliyewahi kulalamika". Hakuna aliyelalamika kwa sababu hakuna anayejua mnachompaka! Mtu anaona tairi jeusi linawaka anafurahi anatoa na elfu moja ya soda. Baada ya miezi tairi likipasuka pasuka ubavuni anamlaumu aliyemuuzia.

Sasa wasiojua nawaeleza, maana nimeyafuatilia haya kwa muda na roho inaniuma nikiona watu wanaharibiwa mali. Mpira unakunywa mafuta. Ukiupaka dizeli, petroli, mafuta ya taa au oili unavimba na kulainika kidogo kidogo, huoni leo wala wiki ijayo, lakini ndani umeshaanza kuoza. Kiwandani tairi linawekewa nta na kemikali ya kulilinda na ozoni, ile hewa inayopasua mpira, kemikali moja inaitwa 6PPD, na vile vitu vinatoka ndani vinakuja juu taratibu kila tairi linavyozunguka na kujikunja. Vikifika juu vikakutana na hewa vinageuka rangi ya kahawia. Ile kahawia mnayoiona kwenye tairi mnadhani ni uchafu au tairi feki, ni kinga yake inafanya kazi! Sasa wewe unakuja na dizeli unaiyeyusha, na jua letu hili la Dar na gari inashinda nje kutwa nzima, kwa nini lisipasuke.

Na madukani nako kuna wizi mwingine. Chupa haina jina, haina maelezo, kimiminika cheusi au cha njano, ukifungua inakupiga harufu ya tina. Usinunue. Dawa ya kueleweka ni ile ya maji, nyingi ni nyeupe kama maziwa, harufu yake ya kawaida tu, na kwenye chupa wameandika kabisa kwamba ni ya maji. Haing'ai kama kioo, inaacha tairi jeusi la kiasi kama lilivyotoka dukani, na hivyo ndivyo tairi linatakiwa lionekane. Ile inayong'aa mpaka unajiona sura mara nyingi imeyeyushwa na vimiminika vya jamii ya petroli, inabaki inanata, ukitembea kilomita mbili barabara ya vumbi tairi limegeuka mkate uliopakwa unga, na matone meusi yote yako kwenye fenda na milango. Halafu kuna watu wanasema silikoni, yale mafuta ya kung'arisha yanayowekwa ndani ya dawa, ndiyo inaua tairi, hapana, kinachoua ni kile kilichotumika kuiyeyusha. Ubaya wa silikoni ni kwenye bodi, ikirukia halafu siku moja ukaenda kupiga rangi, rangi inakataa kukaa inaacha vijishimo vijishimo, mafundi rangi wanaijua vizuri hiyo kesi.

Kupaka kwenyewe pia hakuna anayefuata. Tairi linasuguliwa kwanza na brashi ngumu na sabuni mpaka povu litoke jeupe, sio mara moja, rudia hata mara tatu kama lilishapakwa madude huko nyuma. Linaachwa likauke kabisa. Dawa unaweka kwenye sponji, sio kupuliza kwenye gurudumu, unapaka nyembamba ubavuni TU, unasubiri dakika kumi au kumi na tano, kisha unafuta na kitambaa kikavu iliyobaki juu. Ile iliyobaki juu ndiyo inayorukia bodi. Kashata hazipakwi! Nasema tena, kashata za tairi zinazogusa lami hazipakwi kitu chochote, sijui nani aliwafundisha kupaka mpaka huko.

Na hapa ndipo nawageukia vijana wa bodaboda, wadogo zangu nawaomba sana. Pikipiki ikikata kona inalalia pembeni ya tairi, pale pale mnapopaka mafuta ing'ae. Kona moja tu ya lami umeshaburuzwa na abiria wako mgongoni. Osheni na sabuni muache hivyo hivyo, tairi la pikipiki halihitaji dawa kabisa.

Kuhusu koting ya tairi, zile za seramiki zinazoganda juu ya mpira kama ngozi, sizikatai. Zipo nzuri na zinakaa miezi. Ila mpira lazima uwe msafi hauna hata chembe ya mafuta, na ukishapaka lisiguswe na maji kwa saa kadhaa. Mwaka jana jamaa alinichukulia elfu themanini akaniahidi mwaka mzima, kapaka juu ya tairi lililooshwa na maji matupu, mvua ya kwanza imebanduka kama ngozi ya nyoka. Hela sikurudishiwa mpaka leo.

Na msinisahaulishe matairi ya mtumba. Ukiona limepakwa linawaka liogope, mwambie muuzaji alifute mbele yako, kisha likunje uangalie nyufa. Tafuta neno DOT ubavuni, tarakimu nne za mwisho, mbili za kwanza ni wiki na mbili zinazofuata ni mwaka lilipotengenezwa, 2316 maana yake wiki ya 23 mwaka 2016. Mtu akigoma kukuonesha namba ondoka.

NYONGEZA: Wameniuliza huko PM (ujumbe wa faragha) kama matairi yangu yamekufa. Nimeyaosha na sabuni ya vyombo na brashi mara nne, povu la mara ya nne bado lilikuwa linatoka na ukahawia wenye mafuta. Fundi anasema siku moja haijayaua, nisirudie tu. Risiti ya pedi ninayo, Jumamosi hii naenda nayo pale kijiweni pamoja na fundi mwenyewe na pedi za zamani zilizolowa, nataka elfu sitini na tano yangu, na kile kidumu nataka nikione kinatolewa pale.