Tupeane uzoefu: kugeuza pikapu ya zamani ya 4x2 iwe 4x4

Fundi wa Ndeeba
Ndugu mafundi na madereva, habari za kazi. Swali hili hurudi kila mvua ya Machi hadi Mei: mtu ana Toyota Hilux LN85 ya 4x2, injini yake ya dizeli ya 2L bado nzima, njia ya Bududa au Kapchorwa imekuwa tope, naye anataka matairi ya mbele yavute pia. Tukusanye tunayoyajua. Hadithi za safari tuziache, leteni vipuri, vipimo na makosa.

Naanza na chini ya gari. LN85 mbele ina mikono na toshenba (fito za chuma zinazojisokota badala ya springi), kila tairi kivyake. Mwenzake LN106, Hilux ya 4x4, ana ekseli moja nzima juu ya springi za majani. Kwa hiyo kwenye LN85 difu ya mbele (boksi la gia la katikati ya ekseli) haina pa kukaa: vishikio vya springi havipo, krosimemba (chuma kinachokatiza chasi) imekaa pale pale difu inapotakiwa kupanda na kushuka, na sampu, bakuli la oili chini ya injini, nayo imeziba. Anayekwenda soko la vipuri la Kisekka, Kampala, kununua difu ya mbele peke yake amenunua robo ya kazi.

Tafuta LN106 iliyogongwa ubavuni au iliyooza bodi, uichukue yote: ekseli mbili, giaboksi na transfa yake (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), shafti zote mbili, stelingi boksi na fimbo zake, sampu, paipu za breki, ringi za nati sita. Sampu ichukuliwe pamoja na bomba la kunyonyea oili lililomo ndani. Ukibadili sampu ukaacha bomba la zamani, ama halitaingia, ama litanyonya hewa gari likipanda mlima, na beringi za injini zitakwisha.

Gia na Transfa, Arua
Giaboksi ya 4x2 haipokei transfa kwa kufungua mkia tu. Shafti ya kutolea ni nyingine na bamba la kuunganishia ni jingine. Kununua vipande ukavipanga upya ni gharama isiyo na faida. Chukua giaboksi na transfa zikiwa zimeshikana. Habari njema ni kwamba injini za 2L, 3L na 5L zina mpangilio mmoja wa bolti nyuma ya injini, kwa hiyo giaboksi iliyotoka kwenye 3L itakaa kwenye 2L.

Transfa ya gia, ile isiyo na mnyororo, ndiyo ya kutafutwa. Gia yake ya chini ni 2.28 kwa 1, na kwa injini ndogo kama 2L hiyo ndiyo inayokupandisha mlima, kuliko hata hayo matairi mawili ya ziada. Kabla hujalipa, fungua nati ya chini uangalie oili. Vumbi jeusi laini kwenye sumaku si tatizo. Vipande vinavyoonekana kwa macho, iache hapo hapo.

Mwanafunzi wa gereji, Masindi
Shikamoo wazee. Difu ya nyuma ya LN85 nikiiacha, nikaweka ya mbele tu?

Kraunhwili, Mbale
Marahaba kijana. Usiiache. LN85 ina nati tano, LN106 ina sita, utatembea na spea mbili. Ekseli yenyewe pia ni fupi zaidi kutoka tairi hadi tairi. Lakini kubwa ni uwiano, yaani shafti huzunguka mara ngapi ekseli ikizunguka mara moja. Difu za Hilux ziko za 4.10, 4.30, 4.556 na 4.875. Mbele ikiwa 4.10 na nyuma 4.556, shafti moja inataka kwenda kwa asilimia 11 zaidi ya nyingine. Kwenye tope matairi yatateleza na hutagundua. Kwenye ardhi kavu vyuma vitajisokota hadi kimoja kikatike, mara nyingi krosi ya shafti au jointi ya sivii (kiungo kinachozungusha tairi la mbele hata likikata kona).

Kupima si lazima uifungue. Gia ikiwa huru, inua tairi moja tu kwa jaki, la upande wa pili likae chini lisizunguke. Weka alama ya chaki kwenye shafti na kwenye tairi, kisha zungusha tairi mara 20 kamili. Kwa kuwa la pili limesimama, hiyo ni sawa na ekseli nzima kuzunguka mara 10. Shafti ikizunguka 41, difu ni 4.10. Ikizunguka 43 ni 4.30, 45 na nusu ni 4.556, karibu 49 ni 4.875. Fanya hivyo mbele, loki za haabu (zinazounganisha tairi na ekseli) zikiwa zimefungwa, na nyuma. Hesabu zilingane, na matairi yote manne yawe saizi moja.

Mchomeaji, Katwe
Naomba nisemee chasi. Mimi nashauri uhamishe kabini na injini kwenye chasi ya LN106. Wanaokata krosimemba ya LN85 na kuchomea vishikio vya springi huondoa kilichoshika chasi isijipinde mbele, halafu wanaweka uzito pale pale.

Ukilazimika kuchomea, toa nyaya za betri na alteneta kwanza. Pima mshazari, kutoka kishikio cha mbele kushoto hadi cha nyuma kulia, na kinyume chake. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 5, usichomee bado, gari litakwenda upande. Bamba la kuongezea nguvu likatwe ncha zake kwa mshazari, na usipitishe mstari wa weldi wima kukata ukingo wa chini wa chasi. Ufa huanzia hapo.

Lakini chasi mpya ina namba nyingine. Kabla ya kuhamisha, shika karatasi za ununuzi wa chasi ile, ikaguliwe na polisi, na kitabu cha gari kirekebishwe. Usisage namba wala kuihamisha kwa weldi. Hilo ni kosa la jinai na mnunuzi wa baadaye ataumia.

Fundi wa Ndeeba
Asante, mzee wa Katwe. Stelingi sasa, kwa sababu hapa ndipo watu hufa. Stelingi boksi ya LN85 husukuma fimbo kulia na kushoto. Ya LN106 husukuma mbele na nyuma. Usikunje fimbo kwa moto ili ifike, wala usiiunge kwa weldi. Hamisha boksi lenyewe na mahali pake pa kufungia.

Paipu za mpira za breki ziwe za LN106. Fupi zitavutwa springi ikishuka.

Kraunhwili, Mbale
Kwenye nako, ile tufe ya chuma tairi linapogeukia, badilisha oili sili ya ndani kabla ya kufunga, hata kama inaonekana nzima. Ikivuja, oili ya difu inaingia kwenye grisi, grisi inakuwa uji, na jointi ya sivii inakauka. Jaza grisi ya molibdenumu kama robo tatu. Difu zote mbili ni oili ya 80W-90 GL-5, mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia.

Gari likiwa chini na mzigo wake wa kawaida, mkono wa kuteleza wa shafti ubaki na sentimita 3 au 4 za kuingia. Ukigusa mwisho, springi ikibonyea shafti itasukuma beringi ya transfa. Yu-bolti za springi zikazwe tena baada ya kilomita 100 za barabara ya murram, na tena baada ya 500.