Gegedu la kifundo cha mguu limeharibika, naambiwa nipasuliwe. Nani anafahamu?

Mdau wa Peterborough:

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mwaka jana niliteguka kifundo cha mguu wa kulia ghalani wakati nashuka ngazi. Eksirei ikaonyesha hakuna mfupa uliovunjika, nikapewa bandeji na dawa za maumivu. Uvimbe ulipungua lakini maumivu hayajaisha. Shifti ikifika katikati, ndani kabisa ya kiungo kunachoma, na mara nyingine kinakwama halafu kinaachia kwa mlio. Sasa majibu ya picha ya MRI yamekuja: gegedu, ule utando mgumu unaofunika mfupa ndani ya kiungo, limebanduka juu ya talasi (mfupa wa kifundo ulio chini ya ule wa ugoko) pamoja na kipande cha mfupa wa chini yake. Wanazungumzia upasuaji.

Nafanya kazi hapa Uingereza kupitia wakala wa ajira, mke wangu anaingia usiku, watoto bado wadogo. Ni operesheni ya namna gani hii, na nitakaa nje ya kazi muda gani?

Bi Mkubwa wa Luton:

Pole sana mwanangu. Hawa wakikosa jibu wanakata. Paka mafuta ya mbarika ya uvuguvugu, tafuta mtu anayejua kuvuta viungo. Usikimbilie kisu.

Dada wa Leicester:

Shikamoo Bi Mkubwa. Mafuta sina ugomvi nayo, sote tumekulia nayo. Kuvuta hapana. Kiungo kinachokwama huenda kina kipande kinachoelea ndani, ukikivuta unazidisha. Na gegedu halina mishipa ya damu, ndiyo maana likishachanika halijirudishi lenyewe kama mfupa au ngozi.

Ila kuhusu kutokimbilia kisu, uko sahihi. Wapo watu wenye shimo la gegedu kwenye MRI na wanatembea vizuri, hao hawapasuliwi. Wenye maumivu nao huanza na buti la kupumzisha mguu na mazoezi ya fiziotherapi. Kaka, kama hujapitia hayo, uliza kwa nini.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji wa mifupa. Ushauri wangu mkubwa ni huu: kabla hujasaini karatasi, uliza shimo lina milimita ngapi na liko sehemu gani ya talasi. Mengine yote yanategemea hapo. Uliza pia kama wamepima kwa picha ya CT, maana MRI huweza kulionyesha shimo kubwa kuliko lilivyo, kwa sababu ya maji yaliyojaa ndani ya mfupa.

Likiwa dogo, kawaida ni upasuaji wa kamera. Unachanjwa matundu mawili madogo mbele ya kifundo, maji ya chumvi yanapitishwa ndani, daktari anatazama kwenye skrini. Anakwangua gegedu lililolegea mpaka kingo za shimo zisimame wima, kisha anachukua chuma chenye ncha iliyopinda na kugongagonga vitundu kwenye mfupa, milimita chache kutoka kimoja hadi kingine. Halafu anafunga maji, na chumba kizima kinakodolea skrini. Damu ikichuruzika na vitone vya mafuta kutoka kwenye vile vitundu, kazi imekwenda vizuri. Uboho ule ndio unaoleta chembe za kujenga tishu mpya.

Tishu hiyo lakini ni kiraka. Ni ngumu na yenye nyuzi, hailingani na gegedu la kuzaliwa, na shimo likiwa kubwa kiraka hakidumu. Kwa miaka mingi mpaka wa kutumia njia hii ulikuwa kipenyo cha milimita 15. Tafiti za karibuni zimeushusha hadi karibu milimita 10.

Likizidi hapo, wanaweza kutoa vipande vya mfupa na gegedu lake kwenye goti lako na kuvipandikiza kifundoni. Ukiwa na shimo upande wa ndani, mara nyingi wanalazimika kukata lile fundo la mfupa linalotokeza pembeni ya kifundo ili wafike, kisha wanalirudisha kwa skrubu. Hiyo ni operesheni nzito, na wengine hubaki na maumivu ya goti ambalo halikuwa na tatizo. Wapo pia wanaofunika shimo kwa utando wa kolajeni baada ya kutoboa. Kuhusu chembe za gegedu za kuoteshwa maabara, usizitegemee sana: kibali cha 2017 cha NICE, wale wanaoidhinisha tiba za hospitali za serikali, ni cha goti.

Jambo moja husahaulika. Kama kano, zile kamba zinazoshikilia kiungo, zimelegea na mguu unateguka kila mara, zikazwe humo humo. Ukiziba shimo ukaacha mguu unapinda, utarudi.

Kuhusu muda: kwa njia ya vitundu, kuna madaktari wanaoruhusu kukanyaga mapema, na wengine wanakuweka kwenye magongo hadi wiki sita. Mfupa ukikatwa, hesabu wiki sita hivi bila kukanyaga. Kazi ya kusimama na kubeba mizigo inakuja miezi kadhaa baadaye, kwa hiyo usimwahidi bosi wa shifti tarehe yoyote. Na kama unavuta sigara, acha sasa. Mfupa wa mvutaji hauungi vizuri.

Mzee wa Reading:

Naongezea mambo ya nyumbani na ya mfukoni, maana mimi nilikatwa mfupa.

Nyumba nyingi za huku choo kiko juu. Ngazi utazipanda kwa makalio, na si aibu. Chai hubebeki nayo ukiwa na magongo, nunua chupa yenye mfuniko uitie kwenye begi la mgongoni. Kwa watoto, panga mapema nani atawapeleka shule.

Siku saba za kwanza unajiandikia mwenyewe kazini, baada ya hapo unahitaji cheti cha daktari. Malipo ya ugonjwa ya kisheria, SSP, yanaweza kwenda hadi wiki 28, na kupitia wakala hakukufuti. Wakala wakikwambia hustahili, waombe wakupe sababu kwa maandishi.

Mguu wa kulia maana yake gari unaegesha mpaka uweze kukanyaga breki ya dharura bila kusita. Waulize watu wa bima. DVLA, wanaosimamia leseni za udereva, unawaarifu kama miezi mitatu imepita na bado huwezi kuendesha.

Ndugu wa Birmingham:

Assalaam alaykum. Waislamu wenzangu, sindano nyingi za kuzuia damu kuganda baada ya upasuaji wa mguu ni za heparini inayotokana na utumbo wa nguruwe. Mimi nililijua baadaye. Dada wa Leicester, kuna njia nyingine?

Dada wa Leicester:

Waalaykum salaam. Ipo ya kutengenezwa maabara, fondaparinuksi, na kuna vidonge pia, ila si kila mgonjwa anafaa. Sema siku ya maandalizi, siyo asubuhi ya operesheni ukiwa umeshavaa gauni. Na ule utando wa kolajeni niliotaja, unaotumika sana umetokana na nguruwe pia. Masheikh wengi huruhusu panapokosekana mbadala, lakini hilo muulize wako. Usiruke sindano kimyakimya. Damu ikiganda mguuni inaweza kupanda mapafuni.

Mwenye Kiingereza cha taabu adai mkalimani, ni bure. Aseme kama anataka Kiswahili cha Kongo au cha pwani. Msimtumie mtoto kutafsiri fomu ya ridhaa.

Mama wa Barking:

Samahani kwa kuingilia. Mama yangu yuko hapa kwa viza ya matembezi na kifundo chake kimeisha kabisa. Anaweza kufanyiwa?

Mzee wa Reading:

Kwa upasuaji wa kupangwa atatozwa asilimia 150 ya bei ya NHS (huduma ya afya ya serikali), na kwa kawaida wanataka pesa kabla. Uliza kwanza bei za Nairobi na Dar.

Mdau wa Peterborough:

Ahsanteni sana. Nimempigia katibu wa daktari: milimita 8, upande wa nje, kano ziko sawa. Nimechagua vitundu, na kuhusu sindano nimeshawaandikia. Bi Mkubwa, mafuta nitapaka goti, maana nalo limeanza.

Kuna mwenye kiti cha kuogea asichokitumia?

Mzee wa Reading:

Ninacho. Njoo Jumamosi baada ya saa nane, uje na mtu wa kukubebea.