Hivi malodi wa Uingereza enzi za Malkia Victoria hela walikuwa wanatoa wapi?

BintiShangani: Wakuu habari za usiku. Leo Mtwara umeme haujakatika so nimekaa naangalia tamthilia ya malodi wa kule, wale wakubwa wenye vyeo vya kurithi, jumba kama shule ya bweni, wafanyakazi wamepanga mstari, na sijaona hata siku moja mwenye nyumba anaenda kazini. Hela anatoa wapi? Na kwa nini mtoto wa kwanza wa kiume anabeba kila kitu wadogo zake wanaangalia tu? Nielezeni taratibu, historia niliishia form four.

KoroshoNewala: Dada, haendi kazini manake ardhi ndo inamfanyia kazi. Ana maelfu ya ekari, wakulima wanakodi wanalima wanamlipa, yeye anakula. Ikaenda vizuri mpaka miaka ya 1870, reli na meli za mvuke zikaanza kuleta ngano ya bei chee toka Marekani, kufika 1894 bei imeshuka zaidi ya nusu. Sisi wa korosho hapo hatuhitaji mwalimu, unajua mnada ukifunguliwa na bei ya ajabu kijiji kinavyonyamaza. Wakulima wakashindwa kulipa, lodi akapunguza kodi ya mashamba, lakini jumba halipunguzi kula, paa linavuja, makaa ya mawe, mishahara. Na 1894 hiyohiyo serikali ikaleta kodi mpya ya mali za marehemu, wenye mali kubwa kabisa walikatwa asilimia 8.

MpwaWaMjomba: Kwenye urithi nimecheka, manake huku kwetu Wamakonde na Wamwera kwa mila za zamani ukoo unafuata upande wa mama, unarithi kwa mjomba, hao malodi wangetuona vichaa. Hesabu yao ilikuwa hivi, wakigawana watoto saba, vizazi viwili tu jumba halina shamba la kulilisha. So mkubwa anachukua, wadogo wanaenda jeshini, kanisani au makoloni, mabinti wanaolewa. Na huyo mkubwa msimuonee wivu sana, mara nyingi makubaliano ya familia yalimkataza kuuza ardhi, ni kama mlinzi tu, mpaka sheria ya 1882 ndo ikalegeza.

BintiShangani: Aaah, ndo maana hao malodi wanatafuta wachumba matajiri Marekani?

KoroshoNewala: Ndo hapohapo. 1895 Duke wa Marlborough, lodi wa cheo cha juu mwenye jumba la Blenheim, alimuoa Consuelo Vanderbilt, ukoo wa matajiri wa reli, akaja na hisa za dola milioni 2.5. Yaani mahari inatoka kwa mwanamke! Binti mwenyewe hakutaka, mama yake ndo alimlazimisha, 1926 ndoa ikabatilishwa, ila jumba lilishakarabatiwa zamani.

FundiWaLindi: Mimi wa umeme siwezi kupita kimya. Lodi Armstrong, tajiri wa viwanda na mizinga, nyumbani kwake Cragside aliwasha taa kwa umeme wa maji mwaka 1878, wa kwanza duniani kwa nyumba ya kuishi. Kwingine maji ya kuoga mabinti wa kazi wanapandisha kwa ndoo ngazi za nyuma wageni wasiwaone. Jiko nalo linawekwa mbali kwa kuogopa harufu na moto, kama sisi na jiko la uani, ila la kwao mpaka chakula kifike mezani ni korido kibao.

BintiShangani: Kwa hiyo lodi na utajiri wote ule anakula ubwabwa uliopoa 😂 Asanteni, narudi sehemu ya nne.