Mnara wa mashujaa wetu wa vita: watu wa Kariakoo waandikwe ama waachwe?

Mjukuu_wa_Keya:
Wadau habari za jioni. Mji wetu ni mdogo tu, uko barabara ya Kisumu kwenda Busia, na wazee wameamua tujenge mnara karibu na stegi ya boda ndio majina ya watu wetu waliopigana yasipotee. Sasa kamati inasema waandikwe walioshika bunduki peke yao, yaani Keya (King's African Rifles) na Panyako (kikosi cha Pioneer) wa 1939 hadi 1945, wale wa Kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha wapagazi) wa vita ya kwanza eti walibeba mizigo tu. Imeniuma sana. Babu yangu alienda Burma akarudi, lakini ndugu ya baba yake alichukuliwa kubebea jeshi mizigo huko kwa Mjerumani na hakurudi, hakuna kaburi, hakuna karatasi, limebaki jina tu ambalo binamu yangu alirithishwa. Kwenu mlifanyaje? Na majina tunayatoa wapi?

MamaBaraka_Ksm:
Pole sana ndugu yangu. Hiyo kamati ifike Nairobi, Kenyatta Avenue, isimame pale kwa yale masanamu matatu ya 1928. Mmoja ni mpagazi, na maandishi ya Kiswahili pale chini yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Mkoloni mwenyewe aliwatambua, leo sisi damu yao ndio tuwatoe? Lakini hata pale jina la mtu hakuna. 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu si chini ya 116,000 waliokufa vita ya kwanza, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina ama hawakukumbukwa kabisa, na wanaweza kufika 350,000. Waziri wa Uingereza akaomba msamaha bungeni. Mkiwaacha nyinyi nani atawaandika?

Mwalimu_Mstaafu:
Majina ni kazi ya miguu, kijana. Anza na tovuti ya hiyo tume, lakini ujue inaorodhesha waliokufa peke yao, 1914 hadi 1921 na 1939 hadi 1947, kwa hivyo babu yako aliyerudi usimtafute huko. Wa kurudi tafuta vyeti vya kuachishwa jeshi, viko kwa masanduku ya mabati chini ya vitanda vya mama zetu, mimi cha baba nilikipata kimekunjwa mara nne ndani ya Biblia, kimeliwa na mende pembeni lakini namba yake inasomeka. Pia kuna Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue. Na karani aliandika vile alisikia, jina moja litafute kwa spelingi tatu nne.

Nyanya_Alisema:
Mimi niko Nakuru. Babu yetu mmoja alikuwa wa mizinga, alizama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944 wakitoka Mombasa kwenda Colombo, nyambizi ya Wajapani iliipiga ikazama kwa dakika chache, karibu watu 1,300 wakaisha. Nyanya alikuwa anatoa blanketi lake kila msimu wa jua analianika kwa ua, jioni analikunja analirudisha. Ombi langu ni moja, fundi aache nafasi tupu chini ya majina, maana siku ya kufungua mtashangaa wamama watakaokuja na jina la mtu wao.

Mjukuu_wa_Keya:
Asanteni sana, mama, mwalimu, nyote. Hiyo ya nafasi tupu naipeleka kwa kamati Jumamosi. Daftari nimenunua leo, mstari wa kwanza nimemwandika yule ndugu ya baba yake babu, jina lake, la baba yake na la kijiji.