Saa za kompyuta, kamera na mashine ya mahudhurio zinapishana, naomba ushauri

Mpiga Kebo: Wakuu, salaam. Nasimamia mtandao wa ofisi ndogo hapa Morogoro: kompyuta za Windows, ruta ya MikroTik, NVR ya kamera (kifaa kinachorekodi picha zake) na mashine ya alama za vidole. Kila kimoja kina saa yake. Juzi bosi kamkata mtu posho. Mashine inasema kaingia saa 2:21, kamera inamwonyesha getini saa 2:04. Nikirekebisha kwa mkono, baada ya muda zinapishana tena. Nianzie wapi?

Kitenge_IT: Badilisha betri za CMOS, zile CR2032 zinazotunza saa kompyuta ikizimwa.

Bi Swichi: Betri ni dawa ya kompyuta inayopoteza saa ikizimwa. Hapa tatizo ni jingine: kila saa inaendeshwa na kipande chake cha quartz, na joto tu linatosha kuikimbiza au kuichelewesha. Chagua kifaa kimoja kiwe mwenye saa, vingine vimuulize yeye. NTP, njia ya vifaa kuulizana saa kupitia mtandao, ipo tangu 1985 kwa kazi hiyo. Ruta yako ichukue saa pool.ntp.org (seva za saa za intaneti), kisha washa seva ya NTP ndani yake (RouterOS 7, mfumo wa MikroTik, inayo tayari). Kwenye NVR jaza IP ya ruta. Hata intaneti ikikatika vitaendelea kwenda pamoja, na kwa kesi ya huyo jamaa hilo ndilo lililokosekana.

Mzee wa Seva: Naongezea. MikroTik nyingi hazina betri ya saa. Umeme ukirudi zinaweza kuanzia 1970 mpaka zipate intaneti. Iwekee UPS (betri ya akiba).

Mpiga Kebo: Ruta na NVR tayari, shukrani. Ila kompyuta moja nikiandika w32tm /query /source kuuliza inachukua saa wapi, inajibu "Local CMOS Clock".

Bi Swichi: Bado inajisikiliza yenyewe. Fungua CMD kama admin:

w32tm /config /manualpeerlist:IP_ya_ruta /syncfromflags:manual /update
w32tm /resync

Ikigoma, angalia kama fayawoli ya ruta imefunga UDP 123, mlango wa NTP. Kama mna domeni (seva moja, domain controller, inayosimamia kompyuta zote), kompyuta za watumiaji usiziguse. Zinachukua saa kwa domain controller, elekeza hiyo kwenye ruta. Zikipishana zaidi ya dakika 5, Kerberos (mfumo wa kuhakiki wanaoingia) inawakatalia watu kuingia. Kwenye majira (time zone) Windows haina Dar, chagua Nairobi (usione wivu).

Mpiga Kebo: Imekubali. Mashine ya vidole sioni pa kuweka NTP.

Mzee wa Seva: Nyingi hazina. Ingia kwenye programu yake ya kompyuta, tafuta kitufe cha kuoanisha saa, ubonyeze kila Jumatatu kabla watu hawajaingia.