Nitajuaje kama gari lililotumika limepakwa rangi upya?

Swali

Ndugu zangu, nimepata gari lililotumika ambalo injini na giaboksi yake zimekaguliwa na fundi ninayemwamini, naye hakuona tatizo. Kinachonitia wasiwasi ni rangi. Gari lina rangi ya fedha, na nilipoliona jioni, likiwa limetoka kuoshwa, lilikuwa linang'aa kila upande. Hata hivyo, nilipofungua mlango wa nyuma wa kushoto niliona mstari mwembamba ndani ya fremu, karibu na mpira, nao ulikwaruza ukucha nilipoupitisha juu yake. Muuzaji anashikilia kwamba gari halijawahi kugongwa. Mstari huo una maana gani, na niikague vipi bodi nzima kabla sijatoa fedha zangu?

Jibu la kwanza

Ndugu, mstari huo kwa kawaida ni ukingo wa utepe wa karatasi ambao fundi rangi hubandika ili rangi mpya isivuke mahali isipotakiwa. Kiwandani bodi hupakwa rangi ikiwa tupu, kabla ya mipira, vioo na viti kufungwa, kwa hiyo ukingo wa namna hiyo hauna sababu ya kuwapo. Upande huo umepakwa rangi baadaye. Kwa nini umepakwa, hilo bado hatulijui, kwani huenda ni mkwaruzo tu.

Nakuomba urudi mchana, gari likiwa kavu, kwa sababu maji hujaza mikwaruzo midogo na kuipa rangi iliyofifia mng'ao wa muda. Chuchumaa kwenye kona ya nyuma, jicho likiwa usawa wa ubavu, kisha tazama taswira ya kitu kilichonyooka, kama waya au ukingo wa paa, inavyotembea juu ya bati unaposogeza kichwa polepole. Ikiyumba mahali pamoja, hapo bati limenyooshwa au lina puti, yaani kijazio kinachopakwa kusawazisha mabonyeo kabla ya rangi. Rangi ya fedha ni ngumu kuoanisha, kwa kuwa chembe zake za madini hulala kwa namna tofauti kulingana na upuliziaji. Ndiyo maana mlango unaweza kufanana na mwenzake ukiutazama kwa mbele, ukaonekana mweusi zaidi ukiutazama kwa pembeni. Bampa usiihukumu kwa kipimo hicho, kwani ni ya plastiki na mara nyingi hutofautiana kidogo na bodi hata gari likiwa jipya.

Jibu la pili

Naongezea mambo ya kushikika. Tazama vichwa vya bolti zinazoshikilia madigadi na bawaba za boneti: rangi iliyochubuka kwenye pembe zake huonyesha kwamba spana imepita hapo. Vumbi la rangi kwenye mipira au ndani ya matao ya magurudumu nalo ni ushahidi.

Ukiweza kuazima kipimo cha unene wa rangi, kiazime. Rangi ya kiwandani huwa takriban mikroni 80 hadi 180, na mikroni 1,000 ni milimita moja. Mahali palipopakwa mara ya pili mara nyingi huzidi 200, na ukikuta 700 au 1,000 huko kuna puti. Linganisha daima kushoto na kulia, maana tofauti ya pande mbili ndiyo inayosema zaidi kuliko namba yenyewe. Usipokipata, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini itakusaidia, mradi bati liwe la chuma, kwa kuwa alumini haivutwi na sumaku.

Jibu la tatu

Wenzangu wamesema vyema, ila mimi ninasisitiza mahali. Mlango hufunguliwa bolti ukabadilishwa. Nguzo, paa na vizingiti vya chini ya milango ni sehemu ya mwili wa gari, na rangi mpya hapo hudai maelezo. Kutu pia usiipuuze. Niliwahi kununua gari lenye lengelenge dogo kama punje ya dengu juu ya tao la gurudumu, nikalidharau. Lilipopasuka, bisibisi ilizama hadi ndani, kwa sababu kutu ilikuwa imeanzia upande wa nyuma wa bati na rangi ndiyo iliyokuwa imebaki.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nimerudi leo saa sita mchana nikiwa na kipimo. Paa na upande wote wa kulia vimesoma kati ya 105 na 130. Mlango wa nyuma wa kushoto umesoma 260, lakini ubavu ulio nyuma yake, juu ya gurudumu, umefika 940, na sumaku imeteleza hapo bila kushika. Nilipomwonyesha muuzaji, alikumbuka kwamba gari liligongwa likiwa limeegeshwa. Nimemwambia sitazungumza bei mpaka zulia la buti liinuliwe na gari lipandishwe juu, ili fundi aone kama sakafu ya tairi la akiba imekunjamana na kama viungo vilivyochomelewa vinafanana pande zote mbili.