Mrejesho: kile kiti cha henzirani

Wakuu, niliwauliza asili ya kiti cha mbao za msaji kilichosukwa henzirani cha mama mwenye nyumba wangu hapa London, chenye miguu kama V iliyogeuzwa. Asante aliyesema nikague mgongoni: kuna herufi nyeupe zilizofifia, alama za ofisi iliyokimiliki. Ni cha Chandigarh, mji uliojengwa India baada ya Lahore, mji mkuu wa jimbo la Punjab, kubaki Pakistan mwaka 1947. Pierre Jeanneret, msanifu majengo na binamu yake Le Corbusier, msanifu mkuu wa mji huo, alihamia huko 1951 akasimamia samani za serikali, mafundi wa hapohapo wakaziunda. Inauma kwamba viti vingi viliuzwa kama chakavu kabla ya minada ya Ulaya kuvigombania. Na jamani, Eulie Chowdhury, msanifu majengo Mhindi aliyefanya kazi na Jeanneret, naye atajwe!